Mswada wa Mstari Mmoja

Mume wangu Leland haruhusiwi kupeleka maziwa kwenye kiwanda cha jibini cha hapa kwetu, ambacho ukipanda juu ya ghala letu unakiona. Anaruhusiwa kuyapeleka maziwa hayohayo mpaka California. Nikisema hivi watu hucheka wakidhani nawatania, kwa hiyo nimeamua kuiandika habari hii mara moja, ili atakayetaka kucheka acheke akiwa peke yake.

Leland ameendesha lori la tanki la ushirika wa maziwa tangu kabla sijaota mvi. Anazunguka mashambani alfajiri, anavuta maziwa, anayashusha kiwandani, na adhuhuri yuko mezani kwangu ananiuliza kwa nini viazi havina chumvi. Katika miaka yote hiyo hajagonga hata sanduku la barua. Mimi nimegonga matatu, na mawili yalikuwa yetu wenyewe.

Kisha sukari ikampata. Alianza na vidonge, vidonge vikashindwa, na Daktari Patwardhan akasema ni lazima aingie kwenye sindano za insulini. Mimi nililia palepale kwenye kiti cha hospitali, kwa sababu kila mke wa dereva kwetu anajua kwamba dereva wa lori akianza sindano, kazi imekwisha. Daktari akanipa karatasi ya kufuta machozi, akasema, "Bibi Sobotka, hiyo ni sheria ya zamani. Serikali kuu imeshaibadilisha. Siku hizi nikithibitisha kwamba sukari yake imetulia, anaendesha."

Na sukari yake ilikuwa imetulia kweli. Daktari alisema hana mgonjwa mwingine mtiifu kama yule, na sababu aliitaja mwenyewe: mtu anakula kwa saa, analala kitandani kwake, na mkewe ni mkali. "Muendelee hivyohivyo," akasema. Jioni ile tulipika chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini kusherehekea. Yeye alikula chili, mimi nikala mikate.

Furaha yetu haikufika hata mwisho wa juma. Duane Timmerman, meneja wa ushirika, alikuja nyumbani kofia ikiwa mkononi. Duane ni mtu mwaminifu sana na mwoga sana, na hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja huwa ni balaa. Alikuwa amepiga simu ofisi ya jimbo ili ajiridhishe tu.

"Leland, ndugu yangu, sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye kahawa," nikamwambia, nikamsogezea kikombe.

"Ile sheria mpya ni ya serikali kuu. Inamhusu dereva anayevuka mipaka ya majimbo. Wewe huvuki. Wewe uko chini ya sheria ya jimbo letu."

"Lakini jimbo letu si lilizichukua sheria zote za malori za serikali kuu?" Leland akauliza. "Tulifundishwa hivyo darasani."

"Lilizichukua, ndiyo. Lakini lilizichukua na tarehe."

Hapo ndipo nilipolijua neno hilo, tarehe, na tangu siku ile sijalipenda. Wazee wetu hawakuwahi kuiamini Washington. Walikubali kufuata sheria zake za usalama wa malori, maana nani ana muda wa kutunga za kwake, lakini hawakutaka kulala na sheria moja na kuamka na nyingine ambayo hawakuulizwa. Basi wakaandika hivi: jimbo linafuata sheria za serikali kuu kama zilivyokuwa tarehe mosi Januari ya mwaka fulani. Kila mwaka inabidi bunge la jimbo lipitishe mswada wa mstari mmoja wa kufuta mwaka wa zamani na kuandika mpya. Ni kazi ya kubadilisha kalenda ukutani. Kalenda yetu ilikuwa haijabadilishwa kwa miaka mingi. Ilikuwa imeganda kwenye mwaka ambao mtu wa sindano bado ni hatari barabarani.

Leland alikizungusha kikombe chake.

"Kwa hiyo nikipakia hapa nikashusha hapa, mimi ni mgonjwa. Nikipakia hapa nikashusha ng'ambo ya mto, kwenye jimbo la pili, mimi ni mzima."

"Ndivyo walivyoniambia."

"Basi anayepimwa sukari ni maziwa. Si mimi."

Duane alicheka, halafu akaniona nilivyomkazia macho, akaacha. Akasema ushirika una matangi ya safari ndefu yanayopeleka maziwa kwenye viwanda vya unga wa maziwa majimbo ya mbali. Kule Leland angeweza kuanza hata kesho, kihalali kabisa.

"Safari ndefu anarudi nyumbani lini?" nikamuuliza.

"Inategemea. Baada ya wiki mbili. Pengine tatu."

"Analala wapi?"

"Ndani ya lori, Ardith. Unajua."

"Anakula nini?"

Duane akaitazama kofia yake. Sote tulijua wanachokula. Basi nieleze vizuri, kwa sababu mimi mpaka leo hainiingii: kilichomfanya Leland awe salama ni nyumbani, na sheria ilikuwa inamwambia aondoke nyumbani ndipo awe salama. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Leland akaniwekea mkono begani, akamwambia Duane kwamba atasubiri tarehe ibadilishwe. Duane akaahidi kumshikia njia yake mpaka bunge limalize kikao cha mwaka ule. Kwa wakati huo Leland angeosha matangi, na lori lake lingeendeshwa na dereva wa muda.

Seneta wetu ni Corliss Wegner, na namfahamu. Tumeimba kwaya moja kanisani, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili, na bado anaingia kabla ya wakati wake. Nilimkuta baada ya ibada akikusanya vitabu vya nyimbo, nikamweleza yote.

"Ardith, mpenzi, mswada huo tayari ninao," akasema. "Nauwasilisha mimi mwenyewe mwaka huu. Mstari mmoja tu. Hauna mpinzani hata mmoja katika jimbo zima."

"Basi utapita."

"Njoo utoe ushahidi kwenye kamati. Na yeye aje. Wamwone."

Hakunijibu kama utapita. Nilikuja kuligundua hilo baadaye, nikiwa naosha vyombo, na sahani ikaniponyoka.

Tulikwenda. Leland alivaa suti ya mazishi, kwa sababu ndiyo aliyo nayo. Ofisa wa askari wa malori aliunga mkono, maana askari wake wamechoka kubeba vitabu viwili vya sheria. Chama cha wenye malori kiliunga mkono. Wakulima waliunga mkono, na wakulima wa kwetu hawajawahi kukubaliana hata juu ya mvua. Kisha Leland akaenda mbele ya kipaza sauti.

"Mimi ni Leland Sobotka. Naendesha tanki la maziwa. Niliendesha. Sukari yangu napima mara nyingi kuliko ninavyoangalia vioo vya lori, na vioo naviangalia sana. Naomba mnirudishie njia yangu. Ni hayo tu."

Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyeinua mkono. Kamati ikaupitisha mswada kwa kauli moja, na mimi nikamkumbatia mwanamume nisiyemjua aliyekuwa amekuja kwa ajili ya mambo ya samaki.

Corliss nilimkuta ukumbini nje, uso umemshuka.

"Mbona umenuna? Tumeshinda."

"Nilitamani angalau mmoja apinge," akasema.

"Umeingiwa na nini wewe?"

"Sikiliza. Humu ndani mswada usio na adui tuna jina lake. Tunauita gari. Kila mwenye mswada wake uliokwama anatafuta gari linalotembea, aupakie. Na mwaka huu hakuna gari zuri kama hili la mumeo."

Nilidhani ananitania. Siku chache baadaye akanipigia simu. Seneta mmoja alikuwa ameongeza kipengele cha kuwaruhusu wafugaji kuuza maziwa mabichi getini kwao. Haya, nikasema, hayo ni maziwa, angalau ni ndugu. Halafu likaja la simu za wanafunzi madarasani. Halafu seneta mwingine akataka pai ya cheri iwe pai rasmi ya jimbo.

"Corliss, kanuni zenu si zinataka mambo yahusiane? Pai inahusianaje na malori?"

"Amesema pai husafirishwa kwa lori."

"Na Spika akakubali?"

"Spika anaipenda pai."

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angenizabia kofi. Penye wengi pana mengi, nilijua hivyo tangu utoto, lakini sikujua kwamba yote yatarundikwa juu ya mgongo wa Leland. Yeye wakati huo alikuwa anarudi kila siku viatu vimelowa, mikono imechubuka kwa dawa ya kuoshea, na hasemi kitu. Siku moja tu alisema. Alisema dereva wa muda anachelewa kubadilisha gia kwenye kilima cha shamba la Hofer, na yeye anaisikia injini ikilalamika tangu mbali. Alisema hivyo akiwa ameshika uma, akasahau kula, nikalazimika kumwambia ale kwa sababu alikuwa ameshajidunga sindano.

Kilichoua mswada kilikuja mwishoni. Seneta mmoja wa mjini, mtu mwenye tabasamu la muuza magari, alipakia mashine za kamari kwenye uwanja wa mbio za farasi. Maziwa na pai havina adui wa kufa na kupona, lakini kamari inaye. Seneta mwingine, mzee wa kanisa, akaapa kwamba mswada huo hautapita labda yeye awe ameishiwa na sauti. Na yeye ni mhubiri wa siku nyingi. Sauti anayo.

Siku ya mwisho ya kikao mimi na Leland tulikaa roshani ya wageni tukiwatazama kwa juu. Mzee alikuwa amesimama anazungumza. Alizungumzia kamari, akazungumzia Sodoma, akazungumzia shangazi yake aliyepoteza shamba kwa karata, halafu alipoishiwa na mashangazi akaanza kusoma kwa sauti maelekezo ya kutengeneza pai, kwa kuwa pai nayo ilikuwa ndani ya mswada. Kanuni zinamruhusu. Mradi asimame na azungumze, hakuna wa kumkalisha bila kura nyingi, na kura hizo hazikuwapo.

Corliss alipita kiti kwa kiti. Tulimwona akiinama, akishika mabega ya watu, akiwanong'oneza. Alinieleza baadaye kwamba alikuwa anawaomba kitu kimoja: kila mtu ashushe mzigo wake, mstari wa tarehe upite peke yake. Wa kamari akasema ashushe wa maziwa mabichi kwanza. Wa maziwa akasema ashushe wa pai. Wa pai akasema wapiga kura wake ni wakulima wa cheri, na atawaambia nini. Mzee alikuwa amefika kwenye kukanda unga.

Kisha Spika akagonga nyundo yake, wakapigiana makofi kwa kazi nzuri, wakaanza kupeana mikono. Kikao kikawa kimekwisha.

Nilishuka ngazi zile za marumaru sijui nilivyoshuka. Leland alikuwa nyuma yangu akiniita. Nilimkuta yule wa kamari ukumbini akipiga picha na watoto wa shule.

"Wewe bwana," nikamwambia. "Yule pale kwenye suti nyeusi ndiye uliyemuua."

Alinitazama, akamtazama Leland, na kusema haki tabasamu lake lilipungua.

"Mama, mimi sina ugomvi na mumeo. Mswada wake niliupenda mno. Kila mtu aliupenda."

"Ndiyo maana mkaupanda wote."

"Ndivyo kazi inavyokwenda humu. Mwakani mswada utarudi."

"Na mwaka jana ulirudi?"

Akawageukia watoto wa picha. Nikamgeukia Corliss, aliyekuwa amefika akihema. "Na mwaka juzi? Miaka yote hii kalenda haijaguswa, ni kwa sababu hii hii?"

"Mwaka jana ilikuwa ni bima ya mvua ya mawe," Corliss akasema polepole. "Mwaka juzi sikumbuki."

Nilishikwa na hasira za mkizi. Nikawaambia mume wangu akizidisha mzigo hata kidogo, askari anamsimamisha kwenye mizani, anamshusha garini na kumnyang'anya funguo, kwa sababu lori lililozidiwa linaua watu. Nikawauliza wao anayewapima ni nani. Watoto wa shule walikuwa wananitazama midomo wazi, na mwalimu wao akawa anawasogeza kando. Corliss alianza kulia. Sikumbembeleza. Yeye alikuwa peke yake upande wetu, na mimi nilimwacha pale analia, na sijutii sana.

"Twende nyumbani, Ardith," Leland akasema.

Mahali fulani njiani aliegesha gari pembeni, akajichoma kidole, akapima. Sukari ilikuwa sawasawa kabisa. Akanionyesha namba, akawasha gari tena.

Duane alikuwa ametimiza ahadi yake mpaka siku ile, na siku ile ilikuwa imepita. Njia ya Leland ikapewa dereva wa muda, ikawa yake. Leland akamwambia Duane atachukua safari ndefu. Mimi niliambiwa baadaye, jikoni, nikiwa nimeshika kisu cha viazi.

"Osha matangi mpaka mwakani," nikasema. "Corliss ataupeleka tena."

"Kisha wataupakia tena."

"Basi kaa nyumbani. Tutaishi kwa mboga."

"Mimi ni dereva, Ardith. Naosha lori ninaloweza kuliendesha vizuri kuliko anayeliendesha. Kila siku nalikabidhi safi, na kila siku linarudi na mkwaruzo mpya. Siwezi tena."

"Kule utaugua."

"Kule ni halali."

"Sikuuliza kama ni halali."

Alinichukua kile kisu mkononi, akaanza kumenya viazi mwenyewe, na hapo nikajua kwamba ameshaamua. Leland hamenyi viazi.

Asubuhi aliyoondoka nilimjazia sanduku la barafu: mayai ya kuchemsha, kuku, maharage, tufaha zilizokatwa, kila mlo kwenye mfuko wake. Insulini nikaiweka juu, mbali na barafu isigande. Nilijua vitatosha kwa siku chache tu, na baada ya hapo ni vya kukaanga na vya ndani ya mkate, vinavyouzwa kwenye vituo vya malori vyenye taa kubwa. Hatukuagana sana. Alipakia maziwa ya kwa Hofer, ya kwa Lindquist, maziwa yaleyale ambayo ng'ombe wake anawajua kwa majina, akapita mbele ya kiwanda cha jibini bila kukata kona, akashika barabara kuu.

Alinipigia simu siku ya pili. Nilikuwa nimekaa na simu mapajani tangu asubuhi, lakini nikaiacha iite kidogo, nisionekane nilikuwa naingoja.

"Niko ng'ambo," akasema. "Nimeegesha."

"Mbona umeegesha? Umefika?"

"Sijafika. Walinichelewesha kwenye foleni ya mizani, halafu nikawahi kujidunga nikidhani nitakula mara moja. Nikaona mikono inatetemeka. Nimepima, imeshuka."

Katika miaka yote ya sukari yake, nyumbani haikuwahi kushuka hata mara moja. Nilisimama. Sijui nilisimama niende wapi.

"Imeshuka mpaka ngapi?"

Akaitaja namba. Sitaiandika.

"Una nini hapo cha utamu?"

"Biskuti. Na soda."

"Kunywa soda. Sasa hivi, nikiwa nakusikia."

Akanywa. Nikamsikia anavyomeza. Kisha akala biskuti, nami nikasikia kila moja ikivunjika, na magari yakimpita kwa kasi upande wa dirisha lake. Sikuweza kufanya lolote. Nilikuwa na jiko zima nyuma yangu, lenye viazi na mkate na asali, na mume wangu alikuwa anatafuna biskuti za dukani kando ya barabara ya jimbo nisilolijua. Nilitaka kumlaani yule wa kamari na yule wa pai, lakini sikutaka Leland anisikie, kwa hiyo nikamwambia atafune polepole.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Akapima tena. Akangoja, akapima mara nyingine, akasema imepanda, mikono imetulia.

"Kaa kidogo zaidi," nikamwambia. "Tafadhali, Leland."

"Wananingoja, Ardith. Mzigo ni wa leo."

Nikamwambia amwambie Duane kwamba anaumwa. Nikamsikia akifunga mkanda. Kisha akasema kwamba hapo alipo haumwi, karatasi zote zinasema hivyo, na akawasha lori.